Andrea Pirlo: namba kumi aliyerudishwa nyuma, na waliokimbia kwa niaba yake

Tarehe 1 Aprili 2001, Uwanja wa Delle Alpi mjini Turin, dakika ya 86. Juventus wanaongoza 1-0 kwa bao la Gianluca Zambrotta, na mawazo yao yako kwenye ubingwa. Kijana wa Brescia mwenye miaka 21 anaupata mpira mbali kabisa na lango, anainua kichwa mara moja, anaachia pasi ndefu inayopita juu ya mabeki wote. Roberto Baggio anaipokea mpira ungali hewani, mguso ule ule wa kuutuliza unampita kipa Edwin van der Sar, nyavu zinatikisika. 1-1. Msimu ulipoisha Roma walikuwa mabingwa kwa pointi 75, Juventus wakabaki na 73.

Bao lile hukumbukwa kwa mguso wa Baggio, na Baggio anastahili. Lakini anayetaka kuelewa maisha ya soka ya Andrea Pirlo aangalie pasi ilianzia wapi. Miezi michache nyuma kijana huyu alikuwa namba kumi, akiomba mipira nyuma ya washambuliaji huku mgongo wake ukielekea lango. Sasa alikuwa amerudishwa nyuma mita ishirini au thelathini, uwanja mzima uko mbele ya macho yake. Na kwenye benchi la Juventus siku hiyo aliketi kocha wao, Carlo Ancelotti.

Pirlo amesimuliwa sana kama mchawi: mtulivu, ndevu, penalti ya kubetua. Simulizi hiyo inapendeza, ila haielezi kwa nini mtu yule yule alishindwa Inter, akang'ara Milan, akaonekana amekwisha mwaka 2011, kisha akachukua mataji manne ya ligi mfululizo akiwa Juventus. Kipaji hakipandi na kushuka namna hiyo. Kilichokuwa kinabadilika ni watu waliomzunguka, hasa wawili wa kulia na kushoto kwake. Ukijua nani alikimbia pembeni ya Pirlo msimu fulani, matokeo ya msimu huo unaweza kuyakisia.

Alizaliwa Flero, nje kidogo ya jiji la Brescia, tarehe 19 Mei 1979. Mei 1995 alishacheza Serie A, ligi kuu ya Italia, akiwa na miaka 16, timu ya nyumbani, Brescia. Inter wakamchukua mwaka 1998. Huko ndiko mambo yalikoharibika, na sababu hazikuwa za siri. Msimu wa 1998-99 Inter walibadilisha makocha kama shati: Luigi Simoni, kisha Mircea Lucescu, kisha Luciano Castellini, kisha Roy Hodgson. Walimaliza nafasi ya nane. Mchezaji wa miaka 19 anayehitaji kueleweka anachezea wapi hawezi kueleweka na makocha wanne ndani ya msimu mmoja. Mwaka uliofuata akatolewa kwa mkopo Reggina, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Serie A, na huko alicheza vizuri. Mwaka 2000 akaiongoza Italia ya vijana chini ya miaka 21 kutwaa ubingwa wa Ulaya, akiwa mfungaji bora na mchezaji bora wa mashindano. Akarudi Inter. Akakalishwa benchi tena.

Kulikuwa na tatizo jingine kubwa kuliko makocha. Namba kumi katika Serie A ya miaka ile aliishi mahali penye msongamano kuliko pote uwanjani. Mbele yake mabeki wawili wa kati, nyuma yake namba sita mwenye kazi moja tu ya kumtafuna visigino. Ili upone pale unahitaji kasi ya hatua tatu za kwanza, au nguvu za kumzuia mtu kwa mwili. Pirlo hakuwa na kasi hiyo wala nguvu hizo. Alichokuwa nacho ni kuona: alijua kabla mpira haujamfikia nani yuko huru, na mguu wake wa kulia uliweza kuufikisha mpira huko kwa umbali wowote. Kifaa cha namna hiyo ukikiweka mahali penye watu watano ndani ya mita kumi, unakipoteza.

Januari 2001 alirudi Brescia kwa mkopo. Kocha alikuwa Carlo Mazzone, mzee wa Roma mwenye uzoefu wa miaka mingi, na nafasi ya namba kumi pale ilikuwa na mwenyewe: Baggio. Mazzone hakumwambia Pirlo asubiri zamu yake. Alimshusha mbele ya mabeki. Waitaliano wana jina la kazi hiyo, regista, yaani mwongozaji, kama yule anayeongoza filamu. Sisi tumezoea kusema namba sita, lakini tofauti inapaswa kueleweka. Namba sita wa kawaida anawekwa pale kuvunja mipango ya wapinzani. Regista anawekwa pale kuanzisha ya kwenu. Muda mfupi baada ya Pirlo kuondoka, nafasi ile ile Mazzone aliipata kwa Pep Guardiola, aliyefika Brescia Septemba 2001. Mzee alijua alichokuwa anakifanya.

Kiufundi faida ilikuwa hii. Mpinzani gani atakayemfuata mchezaji anayekaa mita kumi mbele ya mabeki wake wa kati? Washambuliaji hawapendi kukaba. Namba kumi wao naye hapendi kurudi. Viungo wao wakipanda kumfuata wanaacha uwazi nyuma yao, na uwazi huo ndiko pasi ya Pirlo inakoenda. Hivyo alipata anachokosa namba kumi, yaani sekunde mbili na uso unaoelekea mbele. Ukitazama upya mechi zake usifuate mpira, mtazame yeye kabla mpira haujafika. Anageuza shingo kulia na kushoto mara mbili au tatu, anasimama kiubavu ili bega moja lielekee lango la wapinzani, na mguso wa kwanza unaupeleka mpira mbali na anayemkaribia. Mguso wa pili ni pasi. Akikabwa upande mmoja, anayumba kidogo kana kwamba anapiga, mkabaji anarushwa, naye anapita taratibu bila kuongeza kasi.

Milan walimnunua majira ya joto ya 2001. Fatih Terim alikuwa kocha, lakini Novemba akaondolewa na nafasi yake akapewa Ancelotti. Huyu alikuwa na deni la kulipa kwa wachezaji wa aina hii. Akiwa Parma alishikilia mfumo wa 4-4-2 mpaka Gianfranco Zola akahamia Chelsea mwaka 1996, na mwaka 1997 akamkataa Baggio kwa sababu hakuona pa kumweka. Juventus alimkuta Zinedine Zidane, akajifunza kupinda. Alipofika Milan na kukuta Rui Costa, na mwaka 2002 wakaongezwa Rivaldo na Clarence Seedorf, swali halikuwa tena mfumo gani anaupenda. Swali lilikuwa watu hawa wote watakaa wapi. Pirlo mwenyewe ndiye aliyemwambia anaweza kucheza mbele ya mabeki. Ancelotti alikuwa na mashaka, na mashaka yake yalikuwa ya haki: je, atakaba?

Jibu ni kwamba hakukaba sana, na halikuwa jambo la kutisha, kwa sababu kulia kwake alikuwapo Gennaro Gattuso. Milan walipanga viungo kama almasi: Pirlo chini, Gattuso kulia, Seedorf kushoto, Rui Costa na baadaye Kaká juu. Wengine humtaja Gattuso kama mbwa wa ulinzi, wakaishia hapo. Wanamkosea. Kazi yake ilikuwa ya hesabu: kuwahi upande ambao mpira utatua pale Pirlo atakapopitwa, na baada ya kuunyang'anya, kuurudisha kwa Pirlo ndani ya mguso mmoja bila kujaribu makubwa. Nyuma yao walikuwa Alessandro Nesta na Paolo Maldini, mabeki walioweza kusubiri bila kuingia kichwa kichwa. Mei 2003 wakachukua Ligi ya Mabingwa kwa kuwafunga Juventus kwa penalti Old Trafford. Msimu uliofuata wakachukua ligi ya Italia.

Almasi ile ilikuwa na ugonjwa mmoja, na kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Liverpool, Istanbul mwaka 2005, ulionekana na dunia nzima. Viungo wanne wakikaa katikati, pembeni hubaki beki mmoja tu kila upande. Milan walikuwa mbele 3-0 hadi mapumziko, bao la kwanza likitokana na mpira wa adhabu wa Pirlo uliomaliziwa na Maldini dakika ya kwanza. Kipindi cha pili Liverpool walimwingiza Dietmar Hamann kulinda, Steven Gerrard akapewa ruhusa ya kupanda. Dakika ya 54 krosi ya John Arne Riise kutoka kushoto, kichwa cha Gerrard. Dakika ya 56 shuti la mbali la Vladimír Šmicer. Dakika ya 60 Gerrard akaingia eneo la hatari, Gattuso akachelewa, penalti. Mkwaju wa Xabi Alonso ukaokolewa, akamalizia mwenyewe. Tazama mpangilio wake: krosi ya pembeni, shuti kutoka mahali pasipo mkabaji, na mtu anayekimbia kutoka nyuma bila wa kumfuata. Yote matatu ni gharama ya kuwa na regista asiyefukuza watu. Milan walipoteza kwa penalti, moja ya zilizookolewa na Jerzy Dudek ikiwa ya Pirlo. Ni mechi moja kati ya mamia, na miaka miwili baadaye, fainali nyingine mjini Athens, walilipa kisasi kwa Liverpool 2-1, bao la kwanza likiwa mpira wa adhabu wa Pirlo uliomgonga Filippo Inzaghi ukabadili njia. Lakini anayesema mfumo ule haukuwa na bei hakuitazama Istanbul vizuri.

Kombe la Dunia la 2006 ndilo lililomfanya ajulikane hata kwa wasiofuatilia Serie A. Tarehe 12 Juni mjini Hannover aliwafunga Ghana bao la kwanza la Italia kwenye mashindano: kona fupi ya Francesco Totti, shuti la chini lenye kukunja kutoka nje ya kumi na nane. Nusu fainali dhidi ya Ujerumani, dakika ya 119, mpira ulimwangukia pembeni mwa eneo la hatari. Wengi wangepiga. Yeye aliuvuta kwenda kulia, hatua kwa hatua, sambamba na mstari wa kumi na nane, akiwakokota mabeki wa Kijerumani kama kamba, kisha akapenyeza pasi bila kumtazama Fabio Grosso. Grosso akakunja kwa mguu wa kushoto. Fainali ikamkuta kwenye kona iliyotua kichwani kwa Marco Materazzi, na kwenye penalti ya kwanza ya Italia. Kocha Marcello Lippi alikuwa amemzungushia Gattuso yule yule. Si bahati. Lippi aliichukua almasi ya Milan ikiwa imeshaiva.

Miaka minne baadaye Afrika Kusini Pirlo alikuwa majeruhi. Italia walitoka sare 1-1 na Paraguay, sare 1-1 na New Zealand, wakapoteza 3-2 kwa Slovakia, yeye akiingia kipindi cha pili mambo yakiwa yameshaharibika. Mabingwa watetezi walirudi nyumbani wakiwa mkiani mwa kundi.

Je, alizuiwaje? Dawa iliyofanya kazi ilionyeshwa Machi 2010, Milan walipokutana na Manchester United kwenye Ligi ya Mabingwa. Sir Alex Ferguson, kocha wa United, alimtoa Park Ji-sung kwenye winga akampa kazi moja, kumfuata Pirlo popote. Manchester United walishinda 4-0, jumla 7-2. Park hakuhitaji kumnyang'anya mpira; alihitaji kusimama kati yake na mabeki wake ili pasi isitoke kabisa. Regista asipopewa mpira ni mtu wa kawaida mwenye kasi ndogo. Dawa ya dawa hiyo ipo: beki wa kati apande na mpira mwenyewe, au apige pasi ndefu yeye, ili mkabaji alazimike kuchagua. Milan siku hiyo hawakuwa nayo.

Halafu ikaja 2011, na hapa nina ugomvi na uamuzi wa Milan. Kocha wao, Massimiliano Allegri, alitaka namba sita wa kukaba, akamleta Mark van Bommel mwezi Januari. Pirlo, aliyeandamwa na majeraha, alicheza mechi 17 tu za ligi, na Milan wakachukua ubingwa. Aliyepita miaka 30 pale alipewa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Juventus wakampa mitatu, na hawakulipa hata senti ya usajili. Hesabu za Milan zilikuwa: mguu mzito, umri 32, bingwa tumekuwa bila yeye. Kosa lao lilikuwa kumpima kwa kasi, kitu ambacho hata akiwa na miaka 20 hakuwa nacho. Mchezaji wa aina hii hazeeki kama winga.

Antonio Conte, kocha mpya wa Juventus, alifika Turin na wazo la kucheza na winga wawili na washambuliaji wawili. Katika mpango huo Pirlo angebaki na kiungo mmoja tu pembeni, na angezama. Aliyemwokoa ni Arturo Vidal, aliyesajiliwa kutoka Bayer Leverkusen. Conte alipoona hawezi kumwacha Vidal nje, aliongeza kiungo wa tatu: Vidal kulia, Claudio Marchisio kushoto, Pirlo katikati. Baadaye akaongeza beki wa kati wa tatu, wakawa Andrea Barzagli, Leonardo Bonucci na Giorgio Chiellini, na hilo ndilo lililokamilisha jambo. Ukimkaba Pirlo, Bonucci alikuwa na mguu wa kupiga pasi ya mita 40 mwenyewe. Ukimfuata Bonucci, Pirlo yuko huru. Dawa ya Park ilipata kinga. Juventus walimaliza mechi 38 za ligi bila kupoteza hata moja, pointi nne mbele ya Milan.

Euro 2012 ilithibitisha jambo hilo kwa namna ya kupendeza. Dhidi ya England mjini Kyiv hakuna aliyekaa karibu naye, akatawala dakika 120. Kwenye penalti Italia walikuwa nyuma, Riccardo Montolivo amekosa. Pirlo akaubetua mpira katikati ya lango huku Joe Hart akiruka pembeni. Ashley Young akagonga mtambaa panya, mkwaju wa Ashley Cole ukaokolewa. Joachim Löw wa Ujerumani aliiona mechi ile, akabadili kikosi chake cha nusu fainali na kumwingiza Toni Kroos ili aingie kati na kumbana Pirlo. Kroos akiingia kati, upande wa kulia wa Ujerumani ukabaki mtupu, na huko huko Chiellini akampata Antonio Cassano, krosi, kichwa cha Mario Balotelli. Bao la pili lilitokana na pasi ndefu ya Montolivo, aliyekuwa huru kwa sababu macho yalikuwa kwa mwingine. 2-1. Fainali walilala 4-0 kwa Hispania, wakiwa wamechoka na wamepungua kwa majeruhi.

Kuhusu mipira ya adhabu, maana ndiyo wengi wanaojaribu kuiga. Alifunga 26 kwenye Serie A, nyuma ya Siniša Mihajlović mwenye 28. Alijifunza kwa kumtazama Juninho Pernambucano wa Lyon. Siri aliyoieleza ni kuugusa mpira chini kwa vidole vitatu tu, mguu umenyooka kadiri inavyowezekana, kisha kuulegeza katika mwendo mmoja. Mpira hauzunguki, kwa hiyo unapaa juu ya ukuta na kuanguka ghafla. Wanaoiga hukosea mahali pamoja: wanaupiga kwa ndani ya mguu, mpira unazunguka, unakunja vizuri lakini haushuki, unakwenda jukwaani.

Juventus alichukua ligi nne, 2012 hadi 2015, na kufika fainali ya Ligi ya Mabingwa Berlin, walikofungwa 3-1 na Barcelona. Msimu huo wa mwisho kocha alikuwa Allegri. Kisha New York City, klabu ya Marekani. Huko waliomzunguka walikuwa Frank Lampard na David Villa, majina makubwa yenye umri mkubwa, na uwanja wa nyumbani ulikuwa wa besiboli, Yankee Stadium, upana wa mita kama 64 tu. Fikiria: mtu anayehitaji nafasi na wakimbiaji amewekwa mahali penye uhaba wa vyote viwili. Alistaafu mwishoni mwa 2017 akiwa na mechi 116 za timu ya taifa na mabao 13.

Juventus walimfanya kocha mwaka 2020 bila kuwahi kufundisha timu ya wakubwa. Alitaka mpira uanzie nyuma, kama alivyocheza. Lakini mbele ya mabeki hakuwa na mtu wa kuifanya kazi hiyo. Februari 2021 mjini Porto, dakika ya pili, Rodrigo Bentancur alirudisha pasi kwa kipa akiwa amebanwa, Mehdi Taremi akaiwahi na kufunga. Juventus wakatolewa Ligi ya Mabingwa kwenye marudiano. Kwenye ligi walimaliza nafasi ya nne. Tarehe 19 Mei, siku aliyotimiza miaka 42, aliwafunga Atalanta 2-1 na kutwaa Coppa Italia, yaani Kombe la Italia. Siku tisa baadaye akaondolewa, na aliyechukua nafasi yake ni Allegri.